Ubao Ulioandikwa Kimya

Jumapili iliyopita, nyie wanafunzi, mlinijia barazani baada ya ibada, mkaniamkia shikamoo kwa pamoja kama kwaya, kisha mmoja wenu akaniuliza: "Babu, enzi zenu mliwezaje kusoma? Sisi hatupati utulivu. Nyumbani redio, kwa jirani spika, mfukoni simu." Nikawaambia mrudi wiki ijayo. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu, na mtu mzima akikosa jibu husema rudini wiki ijayo. Tangu siku ile nimekaa na kalamu na jibu bado sina. Nilicho nacho ni habari za kazi yangu, nazo hazitii moyo. Nawaambia mapema ili anayetaka kutiwa moyo aende kwa mchungaji.

Nilitunza maktaba ya kijiji kwa miaka mingi, toka nikiwa na nywele zote hadi zilipobaki za pembeni. Nilikuwa na kazi mbili, kutunza vitabu na kutunza kimya. Vitabu viliniponyoka kimoja kimoja, nitawaeleza jinsi. Kimya nilikitunza vizuri mno, na hicho ndicho kilichoniaibisha. Alikuwepo mama mmoja aliyeitwa Nakiete, ambaye nyie hamkumkuta. Alikuwa anajua kusoma, na mimi, mtu wa maktaba, ndiye niliyemfanya asijue. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na hayo mengine nitakayosema yanaizunguka.

Kijiji chetu kiko juu kupita Vudee, huku milimani Upare. Jina mnalijua, sitaliandika, maana barua husafiri na waliohusika wameacha wajukuu, na wajukuu wana hasira kuliko babu zao. Maktaba ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye bati juu na madirisha mawili yanayotazama tambarare, na asubuhi yenye jua uliona mashamba ya mkonge huko chini hadi macho yachoke. Ilijengwa kwa msaragambo. Nyie siku hizi mnaitwa kwenye kazi za kijiji kwa kundi la simu, mnajibu kwa kidole na hamtokei. Zamani baragumu lilipolia asubuhi kila nyumba ilitoa mtu, na nyumba isiyotoa ilijua kwamba zamu yake ya maji kwenye ndiva, lile bwawa la mfereji wa kijiji, ingezungumzwa. Wanaume walijenga kuta. Wanawake walibeba mawe kutoka mtoni, na jiwe la kizingiti, refu kama mtoto wa miaka kumi, lilipanda ule mlima kichwani kwa Nakiete.

Alikuwa mjane, wa makamo ya mama yangu. Mumewe alimwachia kishamba cha ngazi, matuta yaliyokatwa mlimani, chenye zamu ya maji kila Jumanne. Zamani zamu hizo zilikaa vichwani mwa wazee, na wazee wote walikuwa wa upande wa mumewe. Ilipoamuliwa kwamba zamu ziandikwe kwenye daftari, Nakiete alikwenda darasa la watu wazima siku hiyohiyo. "Nataka niione Jumanne yangu kwa macho yangu," alisema, na akaiona. Katika mwaka mmoja akaweza kusoma jina lake, na zamu yake, na baadaye kitabu kizima, kwa kufuata mstari na ncha ya unyasi na kutamka kila neno kwa sauti. Maktaba ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuazima. Aliniletea hata unga wa muhogo wa kutengenezea gundi, na gundi hiyo nitaizungumzia kwa sababu ni kitu cha maana.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha kazi. Nilipelekwa Same kwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea aliyekuja ujanani kukata mkonge. Mashine ya kukamua mkonge ilimla vidole viwili, ndipo akajifunza kusoma kambini na kuishia kutunza chumba cha vitabu mjini. Chumba chake kilikuwa na kelele kama kilabu. Jioni vibarua walikuja kutoka mashambani, mmoja anasoma gazeti kwa sauti na wengine kumi wanamsikiliza, wanabisha, wanamwambia rudia hapo. Mimi kijana niliyemaliza shule niliona aibu. Nilimwambia, "Mzee, hii ni fujo." Akanijibu, "Hawa wana gazeti moja na macho ya mtu mmoja. Ukiwanyamazisha watabaki na gazeti tu."

Alinifundisha pia kwamba anachosoma mtu ni chake. Usimchungulie mabegani, usimuulize kwa nini amechagua kile. Sheria hiyo niliipenda sana, nikaishika kuliko zote. Ile ya gazeti niliitupa.

Maana baadaye nilipelekwa mafunzo ya miezi mitatu Dar es Salaam, na huko nikakutana na kimya chenyewe. Sakafu inang'aa, feni inazunguka, watu hamsini wameinama na hakuna anayekohoa bila kuomba radhi. Nilipenda kimya kile kama kijana anavyompenda binti wa watu. Niliporudi milimani nilimwendea fundi seremala anichongee ubao wa mvule, nikauandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KIMYA. Nikautundika mbele ya meza yangu. Watoto wakanibatiza Bwana Kimya, nami nikajiona nimepata cheo.

Ubao ulikuwa na wiki moja Nakiete alipoingia. Alichukua kitabu chake cha ufugaji wa kuku, akakaa, akatoa unyasi kwenye khanga na kuanza. Pembeni kulikuwa na mwalimu mmoja kijana anayejisomea kwa njia ya posta. Mwalimu akainua kichwa mara ya kwanza, akainua mara ya pili. Nikainuka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, humu ndani tunasoma kwa macho."

Akacheka. "Macho yanaona tu, mwanangu. Anayesoma ni mdomo."

"Basi soma kwa sauti ya chini, mama."

"Nikipunguza, simsikii anayesema."

Nikamwonyesha ubao. "Pale pameandikwaje?"

Akauelekezea unyasi wake kwa mbali, akaanza herufi moja moja. "Ki... mya. Kimya!" Uso ulimng'aa, kwa kuwa lilikuwa neno jipya na amelipata bila msaada. Alinitazama akisubiri nimsifu kama mwalimu wake wa jioni alivyomsifu.

"Umesoma vizuri, mama," nikasema. "Basi."

Ule mng'ao ulimtoka taratibu. Akafunga kitabu, akakirudisha mezani kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu," na kutoka. Alisimama kidogo juu ya kile kizingiti chake kabla ya kushuka. Hakurudi kuazima tena. Wenzake watano waliosoma naye darasa moja nao hawakurudi. Mwalimu kijana alinishukuru, na mwezi uliofuata akahamishwa. Nikabaki na chumba chenye kimya kizuri ajabu, hata panya nilikuwa nawasikia wakichagua kitabu.

Sasa niwaambie kuhusu gundi. Miaka ya shida iliingia, ile ambayo mama zenu wakiisimulia mnadhani wanatia chumvi. Sabuni ya foleni, sukari ya kibali, mafuta ya taa ya kubahatisha, ugali wa unga wa njano. Gari lililokuwa likileta masanduku ya vitabu halikupanda tena, halina mafuta, halina matairi. Kitabu kikichanika ulikiponya mwenyewe. Chukua unga wa muhogo, upike uji mzito, uchanganye na maji ya majani ya mwarobaini ili mende wasiule. Upake mwembamba, uweke jiwe juu, uache siku mbili. Ukiondoa jiwe mapema karatasi inapinda na haitanyooka tena. Tatizo ni kwamba watu wana njaa, na wewe unapika uji kwa ajili ya kitabu. Siku moja mke wangu alinikuta jikoni na sufuria. "Hicho kitabu kitakuzika?" akauliza. Nikapaka gundi upesi kabla hajainywa.

Na karatasi iliadimika, kwa hiyo wavutaji wakagundua maktaba. Vitabu vyenye karatasi nyepesi vilipendwa ghafla na watu ambao sikuwahi kuwaona wakisoma. Kulikuwa na mzee aliyeazima kitabu cha kilimo cha kahawa, akakirudisha kwa adabu zote, na sura ya kuvuna haimo. Nilipomuuliza akasema, "Nilikuwa bado sijafika huko." Alikuwa ameivuta yote kwa tumbaku. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu kurasa kitabu kikitoka na kikirudi, mbele ya muazimaji, moja, mbili, tatu, kama mpokea pamba. Watu waliona nawaita wezi. Wakapungua tena.

Kila baada ya miezi miwili nilishuka Same kwa miguu na gunia, nibadilishane vitabu na Mzee Ngonyani. Alikuwa amezeeka na rafu zake zilikuwa na mianya kama meno yake. Safari moja akaniuliza, "Wale kina mama wako wa elimu ya watu wazima, wanasoma nini sasa?"

"Wamechoka, mzee. Shida zimewazidi."

Akanitazama sana. "Kusoma ni kama mfereji. Msimu mmoja usipouchimbua, majani yanaufunga. Warudishe, hata ukae nao nje."

Nikamwambia nitawarudisha. Nilipanda mlima nikiwa nimekusudia kweli, nikapita nyumbani kwa Nakiete, nikamwona anatwanga, nikamwamkia, akaitika. Ningeanzaje? Mimi ndiye mwenye maktaba, nikamwombe msamaha mtu kwa kusoma kwa sauti? Nikapita, nikijiambia wiki ijayo.

Wiki ijayo zilikuwa nyingi, na miaka saba ikapita hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, saa nne asubuhi, nami nilikuwa nakata kadi za vitabu kutoka mfuko mtupu wa saruji, kwa kuwa kadi halisi zilikwisha. Akaingia mdogo wa marehemu mume wa Nakiete na karatasi iliyopigwa chapa huko Same. Nyuma yake akaingia Nakiete mwenyewe. Shemeji yake akasema, "Tunaomba wino tu, Bwana Kimya." Wino wa muhuri, ule wa kikopo bapa chenye sponji, ulikuwa kwangu peke yangu kijiji kizima.

Nakiete alipoingia kitu cha kwanza alichotazama ni ubao. Akanong'ona. Sikilizeni hapo, wajukuu zangu, mwanamke yule ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya korongo akiita mbuzi, alinong'ona: "Imeandikwa nini?"

"Kuhakiki zamu za maji, shemeji. Kila mwenye shamba anaweka dole."

Aliigeuza karatasi kwenye mwanga. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Midomo ikaanza kucheza, nikaiona. Ikajaribu, ikarudi nyuma, ikajaribu tena. Kisha akainua macho kwenye ubao, na midomo ikafungwa. Halafu akanitazama mimi.

Karatasi ilikuwa hatua moja kutoka meza yangu. Ningeinua shingo tu. Lakini anachosoma mtu ni chake, na mimi nilikuwa mtu wa kazi, sichungulii. Nikainamia kadi zangu. Nikamfungulia kikopo cha wino. Alipomaliza nikampa hata kitambaa cha kufutia kidole, nikajiona nimemhudumia mteja.

Mvua za vuli zilipokaribia, Nakiete alikwenda kwenye ndiva Jumanne yake, akakuta maji yanateremkia kwa shemeji yake. Karatasi ile ilisema kwamba yeye, kwa kuwa amezeeka na hana nguvu, ameacha shamba la ngazi pamoja na zamu yake mikononi mwa ndugu wa mumewe, kwa hiari. Wazee wa maji wakasema wanamhurumia, lakini dole ni lake. Wengine wakashangaa: si huyu alikuwa anajua kusoma? Alijua. Kusoma kulimtoka mahali fulani kati ya ubao wangu na wino wangu, na kilichosalia kidogo hakikuweza kutoka bila sauti. Maharage aliyokuwa ameyapanda alivuna mwingine. Yeye akawa analima vibarua kwenye ngazi za watu, juu na chini ya lililokuwa shamba lake.

Nilijua yote hayo, na sikwenda kumwona.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, ikawa ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikapanda mlima kabla ya barabara kutengenezwa, na kwangu pia ikaja mitumba yangu, magunia matatu ya vitabu vya msaada. Nilivifungua kwa furaha ya mtoto. Kimoja kilifundisha namna ya kuondoa theluji mlangoni. Kingine kilikuwa orodha ya simu za mji fulani wa Ulaya, majina na namba tu, kurasa mia nane. Hicho ndicho wavutaji walichokifurahia. Wa wilayani wakaandika kwamba kuanzia sasa kijiji kijitegemee kwa maktaba yake. Na katika majira hayohayo akapanda kijana mwenye jenereta, televisheni na mashine ya video, akitafuta chumba cha mawe chenye madirisha madogo.

Mkutano ulifanyika darasani. Mwenyekiti akasema kijana atalipa pango, maktaba hailipi kitu, wananchi wanasemaje? Nikasimama. Nilizungumza nusu saa juu ya faida za kusoma na sijawahi kusema vizuri vile. Nilipokaa niliwatazama kina mama, maana walikuwa wengi kuliko wanaume, na wao ndio waliobeba mawe. Wangenyoosha mikono chumba kingebaki. Nao wakamtazama Nakiete.

Akasimama taratibu, amejifunga khanga ya kazini.

"Jiwe la mlangoni nililibeba mimi," akasema. "Kilichomo ndani sikijui. Niliambiwa ninyamaze. Nimenyamaza."

Akaketi. Mkono wa mama hata mmoja haukunyooka. Wiki hiyohiyo vitabu viliwekwa kwenye stoo ya kijiji, vikashirikiana na mchwa, na chumba kikaanza kupiga makelele ya mabondia na bunduki mchana kutwa. Kijana wa video hakuondoa ubao wangu. Aliona unapendeza. Watoto walikaa chini ya neno KIMYA wakishangilia hadi bati linatikisika, na mimi nikipita njiani wananipungia mkono. Mnakifahamu chumba hicho. Ndipo mnapochaji simu na kucheza ule mpira wa kubonyeza. Ubao bado upo, wametundikia nyaya.

Nakiete alihamia Kwakoa kwa binti yake aliyeolewa huko. Miaka kadhaa ikapita kabla sijapata ujasiri. Nilipanda basi na kitabu chake cha ufugaji wa kuku, ambacho nilikiokoa stoo na kukitia gundi upya. Nilimkuta ameketi kivulini mwa zizi, macho yamefifia. Nikamsomea kwa sauti, mimi Bwana Kimya, mchana mzima, mbele ya mbuzi na wajukuu zake. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika sura ya magonjwa akaniinulia mkono nisimame.

"Siku ile ya wino," akasema. "Ulijua imeandikwa nini?"

"Sikujua, mama. Sikutazama."

"Mimi nilidhani umetazama," akasema. "Nilikutazama usoni. Nikasema huyu ni mtu wa vitabu, ingekuwa mbaya angesema. Nikaweka dole."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli, kwa kuwa alimwambia binti yake aniwekee makande. Lakini hakuniomba nimalizie kitabu. Msiba wake niliusikia baada ya maziko.

Basi mmeniuliza juu ya utulivu wa kusomea. Nawaambieni yale ninayoyajua kwa mikono yangu. Nendeni ukutani mwa ndiva asubuhi, kabla wenye zamu hawajafika, maji yaliyosimama hayaongei. Someaneni kwa sauti, wawili wawili, ukurasa wako ukurasa wangu, maana anayemsomea mwenzake haoni haya kurudia alipokosea. Na simu iwekeni mbali, mahali pa kuifuata kwa miguu. Mimi niliificha ya mjukuu wangu Neema, ambaye mnasoma naye, ndani ya debe la unga wa mahindi. Iliita humo ndani, akaifuata kwa sikio kama kuku anayefuata kifaranga, na unga wote tukauchekecha upya.

Nayasema haya na simwoni atakayeyafanya. Kelele mnayolalamikia mnailipia vocha wenyewe. Hata nami nina kijisimu, na tangu nianze barua hii kimelia mara nne, nami mara nne nimeweka kalamu chini. Zamani nilidhani adui wa kusoma ni sauti, nikamfukuza aliyekuwa nayo. Sasa mna maneno mengi mfukoni kuliko maktaba zote nilizoziona, na hakuna wa kuwaambia rudia hapo. Nikikaa barazani jioni nikiwatazama mkipita mmeinamisha shingo, moyo wangu unazama, siwafichi.

Jana mchana Neema alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlangoni. Alikuwa anaweka kwenye simu ile programu ya masomo ambayo wanafunzi wote mnaiweka. Kioo kilijaa maandishi madogo, marefu, na chini yake kitufe. Dole gumba lake lilikuwa linayakimbiza maandishi juu, upesi.

"Imeandikwa nini?" nikamuuliza.

"Masharti tu, babu."

"Yanasemaje?"

"Hakuna anayesoma, babu. Unakubali ndipo inafunguka."

Nikasogea. Mara hii nilichungulia, nikainamisha shingo yangu yote begani kwake, lakini macho yangu hayawezi tena herufi za namna ile. Niliona weusi tu, na dole gumba juu yake.

"Nisomee kwanza," nikasema. "Neema, nisomee kwa sauti."

Nikarudia, kwa sauti ya juu ambayo mtu angeitoa kwenye maktaba yangu ningemwonyesha mlango. Majirani waligeuka kutazama. Neema alikuwa ameshaweka vile vidude vyake vya kusikilizia, masikio yote mawili, na dole gumba lilikuwa linashuka.